Mwaka Mabati Alipoingia Ziwani

Jumapili, tarehe 18 Mei. Mvua ilianza kabla ya kanisa na haijakoma. Ni ile isiyo na hasira, inayoloweka tu, na hapa Migori mtaro ulio mbele ya nyumba yetu umejaa hadi kuku wamehamia jikoni.

Nimerudi leo kutoka Mbita, ambako jana tulimzika Min Ouko. Min ni mama kwa Kijaluo. Jina lake la ubatizo nililijua jana tu, katekista alipolisoma, nikaona kama linasomwa la mtu mwingine. Kaburini nilisimama karibu na Odoyo, mwanawe, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Ndevu zimeingia mvi, lakini kucha bado zina rangi za mabango. Watu walipokuwa wakirudisha udongo, mwanamume mmoja mnene mwenye suti alipenya umati, akatushika mikono wote wawili, akasema, "Nyinyi ndio watu wa Mabati! Mimi nilikuwa Form One. Mlitugombanisha darasa nzima." Kisha akakumbuka yuko matangani, akavua kofia, akaomba pole. Odoyo alicheka mpaka shangazi yake akamkazia macho. Nimefika nyumbani nikaona niandike mwaka ule kabla haujaponyoka. Mimi shule niliiachia kidato cha pili, na nikishika kalamu huwa nahisi mwalimu amesimama nyuma yangu. Huenda mambo mengine nimeyaweka mbele yakiwa ya nyuma. Lakini lile kubwa nalikumbuka sawasawa, na sitalipunguza wala kulitia chumvi.

Ya ukoo wangu nayaacha. Inatosha kusema kwamba nilitoka Kegonga nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikapata kazi Rongo kwenye duka la fotokopi la Mama Dorka. Lilikuwa chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa pazia. Mbele mashine na kaunta, nyuma meza ya kukata karatasi, jiko la mafuta taa, na mimi. Mama Dorka alikuwa Msabato wa kweli, na Ijumaa jua likianza kuegemea alizima mashine hata kama mteja yumo katikati ya wosia wake. Mchana tulikula chapati na madondo, yale maharagwe ya kuchemsha, kutoka kwa mama wa jirani, sahani moja, yeye akiniachia chapati iliyoungua kidogo kwa sababu aliamini sisi Wakuria tunapenda vitu vikavu. Sikuwahi kumkatalia. Odoyo alikuwa mchoraji wa mabango. Vinyozi, mabucha na makanisa yote ya barabara ile yalikuwa na mkono wake. Siku moja alileta michoro ya mtu mwenye ngozi ya bati, akataka nakala. Nilimwambia mtu wako anapigana vizuri lakini hasemi kitu. Akasukuma karatasi kwangu: "Basi mwongeleshe wewe." Kijaluo changu kilikuwa cha sokoni, na Kikuria chake kilikuwa matusi mawili aliyofundishwa na makondakta. Ndiyo maana Mabati alizungumza Kiswahili.

Niwaeleze Mabati alikuwa nani, maana vijana wa leo hawamjui. Alikuwa Zakaria, fundi wa mapaa. Siku moja akiezeka shule, na watoto wako chini darasani, wingu likaja ghafla. Zakaria akaona radi inashuka. Badala ya kuruka, akainua bati alilokuwa nalo juu ya kichwa, akasimama mahali palipokuwa wazi juu ya watoto. Radi ikamwingia yeye. Alipoamka, ngozi yake ilikuwa bati yenye mikunjo, risasi zikimgonga zinalia kama kengele, na wezi wa ng'ombe kutoka Rongo hadi mpakani wakaanza kuomba kazi za halali. Udhaifu wake ulikuwa maji. Mvua ikinyesha hakusikia chochote kwa kelele za kichwa chake mwenyewe. Na ziwani hakuweza kuingia kabisa, kwa sababu bati huzama na bati hushika kutu. Hilo la ziwa nililitunga mimi. Nilitaka kuwe na mahali ambapo shujaa wetu ni mtu tu kama sisi. Kila mwisho wa mwezi tulitoa kurasa chache, tukazipiga stepla, na wakata miwa, wanafunzi na vinyozi walizinunua zikiwa bado na joto la mashine.

Masika ya mwaka ule kaka yake Odoyo, Ouko, akapotea. Alikuwa akipeleka marobota ya mitumba visiwani, na mashua waliyopanda Mbita ilipigwa na upepo ikapinduka. Wenzake walishika mitungi ya plastiki wakaokolewa. Yeye hakuonekana. Walimtafuta mpaka wavuvi wenyewe, ambao hukata tamaa mwisho, wakaacha. Kwa Wajaluo mtu aliyepotea hivyo hazikwi bure. Huchukuliwa tunda la mti wa yago, refu, zito, nene kama paja la mtoto, likafungwa shuka, likalaliwa matanga na kuzikwa mahali pa mtu mwenyewe. Baada ya hapo boma linapumua. Wadogo wa marehemu wanaweza kujenga, watu wanaweza kulia wakamaliza. Mimi si wa kabila lile na sitajifanya najua zaidi ya nilichoona. Nilichoona ni kwamba wazee walitaka yago izikwe, na Min Ouko alikataa. Alisema hatalia tunda.

Odoyo alirudi Rongo akiwa na bahasha chini ya shati. Alipanga kurasa mezani moja baada ya nyingine, na mimi nikala chakula changu nikiziangalia, madondo yakapoa. Ilikuwa ile siku ya kwanza ya Mabati, paa lile, wingu lile. Lakini safari hii fundi Zakaria alikuwa ameteremka kunywa maji, na radi haikumpata. Akabaki mtu wa nyama. Akaacha ufundi, akahamia Mbita, akawa anaogelea kama wengine. Na siku mashua ilipopinduka aliruka majini, akamtoa mfanyabiashara mmoja wa mitumba akiwa mzima. Mfanyabiashara yule alikuwa na pengo la jino la mbele na kovu kwenye nyusi. Sikuhitaji kuuliza.

"Hii ni upande wa pili," Odoyo akasema. "Dunia ni mbili, Robi. Hii yetu, na ile radi ilikosa."

"Na Mabati?"

"Kule hayuko."

Mama Dorka alitupatia karatasi za buluu, za mteja mmoja wa arusi ambaye hakurudi kuchukua programu zake, maana nyeupe zilikuwa zimeisha. Hivyo upande wa pili ukawa wa buluu, kwa bahati tu. Baadaye watu walisema tulifikiria sana. Kwa haki niseme lilikuwa toleo bora kuliko yote tuliyokuwa tumetoa. Liliisha kabla ya saa sita. Kwa kinyozi aliyekuwa mkabala na duka letu walilisoma kwa sauti, wateja wakiwa na povu nusu kichwa.

"Mabati gani hana bati? Huyu ni fundi tu. Hata mimi najua fundi."

"Wacha kelele, omera. Huku mtu amekufa, kule ako hai. Wewe ungekaa wapi?"

"Mahali kuna ugali."

Toleo la pili la buluu lilimwonyesha mfanyabiashara akirudi nyumbani kwa mama yake. La tatu lilimwonyesha akila. La nne pia alikula. Nilidhani Odoyo amechoka, kumbe maagizo yalikuwa yanatoka Mbita. Wachuuzi wa samaki waliokuja Rongo siku ya soko walisimama kaunta na kutoa ujumbe bila aibu: Min Ouko anasema mtoto ana baridi, mvalishe sweta. Min Ouko anasema mbona mmempa sukuma, mpe ngege, na iwe nzima, si kipande. Odoyo alichora sweta. Alichora ngege, na magamba yake. Mimi niliandika maneno ya mezani, "Mama, niongeze mchuzi," "Mama, chumvi iko sawa," na kila nilipoandika nilijiuliza kama hiyo ni kazi au ni mchezo mbaya. Kwa kinyozi mambo yalikuwa yamegeuka.

"Page ya tatu ugali, page ya nne chai. Hii ni katuni ama hoteli?"

"Labda page ya tano ataosha mikono."

"Na wezi? Kule upande wa pili wezi walienda likizo?"

Walikuwa na haki kucheka. Walilipa wapate shujaa, nasi tuliwauzia mtu anayetafuna. Lakini Odoyo alikuwa anakonda. Nilimwambia apumzike mwezi mmoja. Akaniambia hawezi, kwamba akishika kalamu mkono unaanza kumchora kaka yake kabla yeye hajaamua. "Nikikosa mwezi mmoja," alisema, "ni mimi nimemuua."

Ndipo baba yake mdogo, Mzee Okelo, fundi wa mashua, alipokuja dukani. Alivaa koti zito kwenye jua, akakataa kiti, kisha akakaa. Mama Dorka alimpa chai yenye maziwa mengi.

"Nyar Kuria," akaniambia, maana yake binti wa Ukuria, "sijakuja kwa ubaya. Hiyo maneno kwa midomo ya watu, nani anaandika?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi funga hadithi. Andika neno moja tu, kijana apumzike, boma ipumzike. Yule mama anasema hatazika mtu anakula. Sisi tunangoja karatasi!"

Nilimchukia kwa muda wa kikombe kile. Lakini nataka kuwa mwadilifu: yeye mwenyewe ndiye aliyezamia kumtafuta Ouko mpaka masikio yakatoa usaha, na alipokuwa akiongea aligeuza kichwa ili anisikie na sikio lililobaki. Alipoondoka nilimuuliza Mama Dorka nani ana haki. Alifunga kifuniko cha mashine kwanza. "Mzee ana haki," akasema. "Lakini mama mwenye uchungu hafundishwi somo na mtu ambaye watoto wake wamelala kwake. Nenda kwake ukamsikilize. Na usiende Jumamosi."

Nilienda Mbita Jumatatu. Nyumba ya Min Ouko ilikuwa na chumba kimoja kikubwa cha udongo uliosilibwa vizuri, kalenda za zamani, na kurasa za buluu zimebandikwa kwa uji ukutani kote kwa mpangilio, hata kuingia mle ilikuwa kama kuingia ndani ya maji safi. Yeye alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Alikuwa na sufuria motoni, ngege wawili kwenye nyanya. Alinitazama toka miguuni hadi juu.

"Ndio wewe unaandika? Nilifikiri ni mtu mzima. Kaa. Umekonda kuliko huyo wa karatasi."

Nilikaa. Nilikuwa nimepanga hotuba, na yote ikapotea. Akaniokoa kwa kuanza mwenyewe.

"Okelo amekutuma. Usikatae. Ananiona mjinga. Mimi najua karatasi, nyathina, mwanangu. Nimefungia watu omena na karatasi miaka yote. Najua huyo ni wino." Akakoroga. "Lakini kila mwezi naona anakula. Nani atazika mtu iko na chakula kwa mdomo?"

Kisha akanyanyua mwiko, akaelekeza ukutani, kwenye toleo la kwanza la buluu, pale fundi Zakaria ameteremka kunywa maji na wingu limesimama juu ya paa.

"Hapa nimeuliza Odoyo, amenyamaza. Wewe niambie. Radi ikitoka juu hairudi juu. Haikupiga huyu fundi. Ilienda wapi?"

Nawaapia sikuwa nimelifikiria. Tulichora wingu, tukageuza ukurasa, tukaenda ziwani. Ningeweza kumwambia ilipiga mti. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema mti. Lakini mimi ndiye nilikuwa nimeandika lile toleo la kwanza kabisa, na nilijua ni nini kilichokuwa chini ya paa lile.

"Mama," nikasema, "chini kulikuwa na darasa."

"Watoto?"

"Ndiyo, mama."

"Watoto wa watu."

"Wa watu."

Akageuza samaki mmoja, polepole, asivunjike. Akageuza wa pili. Nje mbuzi wa mtu alikuwa anakula sabuni na hakuna aliyemfukuza.

"Na hao mama zao," akasema, "nani anawachorea?"

Hakulia. Alipakua. Tulikula kuon, ugali wa mtama, na wale ngege, na alinipa kichwa, ambacho nilijua ni heshima ingawa kwetu milimani hatukukulia vichwa vya samaki. Nilikifanya vibaya sana, akanionyesha mahali pa kuanzia. Tulipomaliza kunawa ndipo aliposema sharti lake. Nalikumbuka neno kwa neno.

"Mrudishe huyo wa bati. Huku kwetu watu wanamtaka. Lakini kwanza aingie kwa maji, amtafute mtoto wangu."

"Mama, bati huzama."

"Si azame! Atembee chini. Aangalie kila mahali, asiruke mahali. Hawa wengine walitafuta wakachoka. Huyo wako hachoki, si ndio? Nikiona ameangaliwa kabisa, mimi mwenyewe nitaita Okelo."

Nilimpelekea Odoyo maneno yale. Alisikiliza akiwa amesimama, brashi mkononi, kwenye ngazi mbele ya bucha. Akashuka, akaacha neno NYAMA likiwa NYA, akaenda kuchora.

Toleo lile lilikuwa la karatasi nyeupe. Mabati anafika ufukweni. Anatazama maji, na unaona kwenye mabega yake kwamba anajua. Anaingia. Anazama wima kama nguzo, na kuanzia hapo kurasa zote ni chini ya ziwa: nyavu zilizosahauliwa, mashua kuukuu yenye jina lililofutika, kiboko anayepita juu kama wingu, robota la mitumba lililopasuka na nguo zikiogelea kama watu wanaocheza dansi. Mabati anainua kila jiwe. Anatia mkono wa kulia kwenye tope, hadi begani, kila mahali. Sikuandika hata neno moja. Mzee Okelo aliniomba neno moja, wasomaji walikuwa wanadai maneno, na Odoyo aliacha nafasi kwa ajili yangu. Niliziangalia kurasa zile siku nzima nikaona kila neno ningeweka lingekuwa la mtu anayesema mbele ya mtu anayetafuta. Nina shaka na mambo mengi niliyowahi kuandika. Kwa yale ambayo sikuandika mwezi ule sina shaka hata kidogo.

Mwisho anatoka, mikono mitupu. Mkono wa kulia umeshika kutu. Mashine ya Mama Dorka haikuwa na rangi, kwa hiyo Odoyo alifungua mkebe wa ile rangi nyekundu inayopakwa vyuma kabla ya rangi yenyewe, na mkono ule tuliupaka kwa brashi, nakala moja moja, Mama Dorka naye akipaka, akilalamika kwamba mambo ya katuni ni ya dunia, lakini hakutoka nje ya mstari hata kidogo. Tulimaliza Ijumaa jua likiwa bado liko juu ya miwa.

Nakala ya kwanza Odoyo aliipeleka mwenyewe. Aliniambia mama yake aliipitia kwa kidole, picha kwa picha, akirudi nyuma mahali alipoona Mabati ameharakisha. Alipofika mwisho alikaa. Kisha akamtuma mtoto wa jirani kwa Mzee Okelo: atafute yago, na asilete ndogo, mwanawe alikuwa mtu mrefu.

Matanga yalikuwa makubwa. Nilienda na Mama Dorka. Min Ouko alililia tunda lile, alilililia kwa jina, kwa sauti ambayo alikuwa ameibana tangu masika, na wanawake walimshika kila upande. Mzee Okelo ndiye aliyelishusha kaburini, akilipokea mikononi kama linaweza kuumia. Mimi niliyetoka nje ya mila ile nilikuwa nimejiambia nitaona watu wakizika tunda. Sikuona tunda.

Tuliendelea na Mabati kwa muda, hadi Odoyo alipopata kazi ya mabango Kisumu na mimi nikaolewa Migori. Ule mkono ulileta matatizo ambayo hatukutarajia. Mabati hakuweza tena kuinua lori kwa mkono mmoja. Ilibidi nimtungie hila, asubiri, aombe msaada wa wakata miwa, na mara mbili alishindwa kabisa. Kwa kinyozi waligawanyika. Wengine walitaka upande wa buluu urudi, wengine walisema haukutokea kamwe, wengine walitaka tu mkono upone. "Mpake thinner, boss, itoke!" Odoyo alikuwa tayari, kuchora kutu kulimchosha, na aliona tunapoteza wasomaji. Alimwambia mama yake, kama habari tu. Ujumbe ulirudi na wachuuzi wa samaki siku ya soko iliyofuata.

"Min Ouko anasema mtu akiingia kwa maji kwa ajili yako, humwambii ajifanye hakulowa."

Kutu ikabaki. Tulipoteza wasomaji, ni kweli, na shujaa akawa mzito na mwenye hekima kidogo kuliko tulivyokusudia. Nimewahi kuwaza kwamba dunia ile ya buluu ilikuwa kosa. Jana nikitazama kaburi jipya kando ya lile la Ouko, na nyumba ambayo Odoyo hatimaye aliijenga upande wa chini, na wajukuu wakigombania viti vya kukodi, niliona si kosa. Mama yule alihitaji kuitembelea dunia ile mpaka aone bei yake na nani anailipa. Hakuna aliyemtoa kule. Alitoka kwa swali lake mwenyewe, akiwa na mwiko mkononi.

Odoyo amekuja nami hadi Migori. Basi lake la Kisumu ni kesho. Mume wangu, Chacha, alimuuliza mambo ya rangi za mabango mpaka nikawaonea huruma wote wawili. Nyama sokoni ilikuwa imeisha na mvua haikuruhusu mtu kwenda mbali, kwa hiyo jioni tumekula ugali wa wimbi, mboga ya mrenda, na mayai mawili niliyoyakaanga na kitunguu kingi ili yatoshe watu wanne. Binti yangu alilalamika. Odoyo aliongeza mara mbili.